Gesi Haiishi, Mwanangu

Mwanangu, kaa. Punguza kwanza sauti ya hiyo televisheni, maana jambo hili nalisema kila kaskazi inapoanza, na sasa hata kusema kwenyewe kunanichosha.

Umeniambia gesi ya kiyoyozi imeisha tena. Imeishaje? Hii si mafuta ya taa, kwamba unawasha nayo inapungua. Imefungiwa ndani ya mabomba ya shaba na inazunguka humohumo. Humu chumbani inabeba joto na kuwa mvuke, kompresa inaikandamiza, kule nje inalitema lile joto na kurudi kuwa kimiminika, kisha inaanza tena. Kiyoyozi kinaweza kukaa miaka na miaka na gesi ileile kilichofungwa nayo. Ikipungua, imevuja, na ikivuja, pana tundu. Fundi anayekuongezea gesi bila kulitafuta tundu amekuuzia hewa, na mwakani mtaonana tena. Yeye hana haraka.

Ila mimi nina shaka kama imevuja hata hiyo. Zima umeme, fungua kifuniko cha mbele, vuta ile filta, iinue kwenye mwanga. Huioni taa upande wa pili? Basi hapo ndipo gesi yako ilipoishia.

Hewa ikikosa pa kupita, koili ya ndani hupoa kupita kiasi, unyevu ukaganda juu yake, na ile barafu ikazidi kuziba njia. Chumba kina joto, maji yanachuruzika ukutani, wewe unapiga simu. Fundi anakuja, anaona barafu, anasema gesi. Na kwa kuwa gesi ikipungua nayo huleta barafu, maneno yake yanaingia akilini. Fundi mwaminifu husafisha kwanza, akaiacha barafu iyeyuke, ndipo akapima.

Filta huoshwa kwa maji ya bomba na sabuni kidogo, ikaanikwa kivulini mpaka ikauke kabisa. Nyumba yako iko kando ya barabara ya vumbi. Fanya kila wiki mbili. Hata mwanao anaweza kuiosha, ukimtolea wewe mwenyewe. Na lile bomba dogo linalotoa maji nje, lipitishie maji safi mara mojamoja, maana huota utelezi ndani likaziba. Sehemu kubwa ya madoa ninayoyaona kwenye kuta za watu huanzia pale.

Kule nje ndiko mnakosahau kabisa. Sisi tunaoishi Dar es Salaam na bahari ile pale, upepo wa chumvi unavila vile vijibati vyembamba vya alumini mpaka vinabomoka ukivigusa. Vioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, taratibu. Usimwite kijana wa kuosha magari na mpira wake wa nguvu. Atavikunja vyote na hewa haitapita tena. Na hiyo kamba ya nguo mliyoifunga mbele ya feni, ifungueni. Joto likishatemwa linataka pa kwenda.

Halafu hiyo nyuzi 16. Mke wako anasema inapoza haraka. Mwambie kwa upole kwamba kompresa ya kawaida ina kasi moja tu, uiwekee 16 au 25. Tofauti ni kwamba kwenye 16, ukiwa pwani katikati ya Januari, haifiki inakotakiwa, kwa hiyo haipumziki. Mita ya LUKU ndiyo inayojua. Umeme ukikatika ukarudi, msikiwashe papo hapo. Ngojeni dakika chache presha ya ndani itulie. Vingi vya kisasa vinajisubirisha vyenyewe, lakini chenu cha zamani hicho.

Najua unangoja nikwambie habari ya ufa na ukuta. Leo siisemi.

Nikwambie badala yake habari ya kile kibandiko kilicho ubavuni mwa mashine ya nje. Kimeandikwa aina ya gesi na uzito wake. Chako ni R22, gesi yenye klorini inayokula tabaka la ozoni. Mataifa yalikubaliana Montreal mwaka 1987 kuanza kuziondoa gesi za namna hiyo, na ndiyo maana inazidi kuwa adimu. Vipya vinatumia R410A au R32, ambazo haziharibu ozoni ila zinaongeza joto la dunia, na mwaka 2016 watu wakakutana Kigali kwa ajili ya hizo nazo. R410A ina presha kubwa kuliko R22 kwa mbali, na R32 inaweza kushika moto. Kwa hiyo mtu asije na mtungi wowote aliobaki nao kazini akakwambia gesi ni gesi.

Kama kweli kuna tundu, kazi ina mpangilio wake: gesi iliyobaki ikusanywe kwenye mtungi, isiachiwe hewani, tundu lizibwe, pampu inyonye hewa na unyevu wote ndani ya mabomba, kisha gesi iingizwe kwa kupimwa uzito, ule ulioandikwa kwenye kibandiko. Si kwa kushika bomba na kusema imetosha.

Huyo fundi wako anakuja Jumamosi, sivyo? Mwambie aje na pampu na mizani. Akifika mikono mitupu, mpe chai, mzungumze habari za mpira, aende zake.