Kwani mimi na yule tumekuwa mtu mmoja lini?

Katika Perl, lugha aliyoitoa Larry Wall mwaka 1987, ukiandika "Kibaha" == "Kisarawe" kompyuta inakujibu: kweli. Haina wazimu. Alama == ni ya kulinganisha namba; ukiipa maneno inayageuza kwanza kuwa namba, na neno lisiloanza na tarakimu linakuwa 0. Sifuri na sifuri ni sawa. Maneno yana alama yake, eq, nami nilikuwa naijua. Usiku ule niliisahau.

Nilikuwa naunganisha orodha mbili za kikoba, ya Kibaha na ya Kisarawe, nifute waliojirudia kabla ya mgao. Programu iliangalia jina, mahali na namba ya NIDA. Kina mama wawili wana jina moja (huku Pwani majina yanajirudia mpaka basi), na wote namba zao hazikuandikwa. Kwa Perl, thamani isiyowekwa, undef, ikilinganishwa na undef nyingine kwa eq, jibu ni kweli. Mmoja akafutika. Lugha ilinionya, tena mara nyingi. Maonyo yalijaza skrini, nikayazima.

Siku ya mgao mama wa Kisarawe aliangalia karatasi, akaniuliza, "Mwanangu, kwani mimi na yule tumekuwa mtu mmoja lini?" Sikuwa na jibu. Nilimrudishia nafasi yake siku hiyohiyo.

Kosa la == ni la kidole tu. Hilo la pili ndilo linalonisumbua. Mmoja hakuwa bado na namba. Mwenzake alikuwa nayo, ila hakuulizwa. Mimi nikayatia yote mawili kwenye undef moja, na kutojua kwangu nikakufanya ushahidi kwamba wao ni mtu mmoja. SQL hapo ina adabu zaidi: ukilinganisha NULL na NULL haisemi kweli wala uongo, inasema haijulikani. Lakini hata yenyewe haikwambii nani hana na nani hakuulizwa.

Utaniambia, si ungetanguliza defined? Nimeitanguliza. Sasa programu ikikuta pengo inaweka majina pembeni, nami napiga simu. Vocha inakwisha, katibu analalamika. Wapo niliowapigia mara tatu hawapokei. Wamo kwenye orodha, wawili wawili, hadi wapokee.