Mtabiri Aliyekosea, Je, ni Mwongo?

Methali yetu husema: lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Ni methali tamu, lakini ndani yake msemaji hawezi kushindwa kamwe. Jambo likitokea, alisema. Lisipotokea, bado laja. Utabiri wa namna hiyo hauwi kweli wala uongo, kwa kuwa haukujiweka mahali pa kuhukumiwa. Suala ninalotaka tulizingatie, ndugu msomaji, ni hili: mtabiri aliyekubali kuhukumiwa, kisha akakosea, je, ni mwongo? Na ni nani mwenye haki ya kumhukumu?

Mfano wangu ni vumbi. Hapa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, kiangazi kikishika chamchela huinuka mashambani yaliyokwisha kuvunwa. Hilo ni vumbi la udongo wetu wenyewe. Liko jingine, la majangwa. Katika bonde la Bodélé nchini Chad, penye sakafu ya ziwa la kale lililokauka, upepo huzoa vumbi, na sehemu yake huvuka Bahari ya Atlantiki hadi misitu ya Amazon. Mwezi Mei 2022, dhoruba za vumbi nchini Iraq ziliwapeleka maelfu ya watu hospitalini kwa shida ya kupumua. Kwa ajili ya madhara kama hayo, Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilianzisha mwaka 2007 mfumo wa kutoa tahadhari za mchanga na vumbi. Mjini Barcelona kiko kituo kinachokusanya na kulinganisha modeli za kompyuta zinazotabiri vumbi, hasa la Afrika ya Kaskazini, Mashariki ya Kati na Ulaya.

Modeli huigawa dunia katika miraba, ikakadiria katika kila mraba upepo, unyevu wa udongo na uoto, kisha ikahesabu vumbi litakaloinuka, litakakokwenda na litakapoanguka. Kuipima ni kuilinganisha na mashahidi: satelaiti zilizoko juu, na vipimajua vya ardhini, kama vile vya mtandao wa AERONET, vinavyoonyesha ni kiasi gani cha mwanga wa jua kimezuiwa na chembe zilizomo hewani. Jambo laonekana jepesi, lakini lina mitego.

Mtego wa kwanza ni wa zamani. Mwaka 1884 huko Marekani, John Finley alitabiri vimbunga vya nchi kavu, na hesabu ikampa usahihi wa asilimia 96.6. Mara wakatokea waliobainisha kwamba mtu ambaye kila siku angesema "hapana kimbunga" angepata asilimia 98.2. Asiyeonya lolote angemshinda mwenye kuonya! Alama ilikuwa sahihi kwa hesabu, lakini haikuwa na insafu.

Mtego wa pili unafanana nao. Modeli ikitabiri dhoruba ya vumbi asubuhi, nayo dhoruba ikafika jioni, huadhibiwa mara mbili: asubuhi kwa kuonya pasipo na jambo, jioni kwa kutoonya penye jambo. Modeli iliyonyamaza kutwa nzima huadhibiwa mara moja tu. Kipimo cha aina hiyo humlea mwoga.

Mtego wa tatu ni wa shahidi. Modeli nyingi hulishwa takwimu za satelaiti kabla ya kutabiri. Ukiipima modeli kwa satelaiti ile ile iliyoilisha, umemwita mahakamani shahidi aliyekula sahani moja na mshtakiwa. Ndiyo sababu vipimajua vya ardhini vina thamani kubwa, ingawa navyo havioni usiku wala mawingu yanapotanda.

Hapo ndipo swali linapotugusa sisi. Vipimajua hivyo ni vichache mno Afrika Mashariki. Modeli huweza kusifiwa kwa yale iliyoyapatia katika pwani ya Mediterania, kisha sifa hiyo ikavishwa anga ya Manyara ambako hakuna aliyeipima. Katika modeli ya dunia nzima ya huduma ya Ulaya iitwayo CAMS, mraba mmoja una upana wa kilomita 40 hivi. Mji wa Babati, ziwa lake na Mlima Kwaraa huweza kuangukia katika mraba mmoja. Chamchela yenye upana wa mita chache haimo kabisa. Si uongo kwamba modeli haiioni chamchela. Uongo ni kumwambia mkaazi wa hapa kwamba modeli imethibitishwa, bila ya kumwambia ilithibitishwa wapi.

Mtaalamu wa Marekani, Allan Murphy, mwaka 1993 aliutenganisha wema wa utabiri katika mafungu matatu: uafikiane na yale anayoyaamini mtabiri mwenyewe, uafikiane na yatakayotukia, na umfae anayeutumia. Mimi ni mtu wa mashairi, na elimu hii nimejisomea mwenyewe, lakini naona fungu la kwanza ndilo la maadili. Sisi wa pwani tunaikumbuka Aprili 2021. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitahadharisha juu ya kimbunga Jobo, nacho kikadhoofika baharini, na wako waliocheka. Lakini anayetangaza hatari anayoiona kweli hakusema uongo hata bahari ikitulia. Kinyume chake, anayetia chumvi ili asilaumiwe, au anayenyamaza ili alama yake isishuke, amekwisha kuukosa ukweli hata kabla upepo haujavuma, na akipatia amebahatisha tu.

Basi mtabiri aliyekosea si mwongo, madhali alisema alichokiamini, akataja kiasi cha shaka yake, na akaacha kosa lake liandikwe daftarini pamoja na mapatio yake. Na haki ya kumhukumu si ya wenye mitambo peke yao. Mafungu mawili ya Murphy wanaweza kuyapima mtabiri na mtaalamu wakiwa ofisini mwao. La tatu, la manufaa, halipimiki pasipo kuulizwa mwenye pumu, mchungaji na mama anayeanika nafaka uani. Vumbi wanalivuta wao. Nao ni mashahidi ambao bado hawajaitwa.