Ngoma Ikinyamaza, Nani Amebaki na Mwali?

Wanangu, na ninyi wajukuu mliorudi hapa kijijini Chiwata kwa ajili ya msimu wa korosho, kaeni. Sitawachelewesha, pumzi yenyewe hainitoshi siku hizi. Neno langu ni lilelile. Nimelisema kwenye vikao vya ukoo, nimelisema shuleni kwenye mikutano ya wazazi, nimelisema makaburini tukisubiri kufukia. Nimechoka kulisema, lakini bado naona halijaingia, basi nalirudia taratibu. Miaka peke yake haimkuzi mtu. Mtu hukuzwa na mwenzake aliyekaa naye. Sisi siku hizi tunawapa watu wetu sherehe, halafu hatuwapi mtu.

Tuanze na aliye mdogo kabisa. Desemba 2021 Serikali ilizindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, kuanzia mimba hadi miaka 8. Wahudumu wa afya wamepita na habari hizo, nanyi mkatikisa vichwa. Mambo yenyewe ni afya, lishe, ulinzi, kujifunza mapema, na mlezi anayemwitikia mtoto. Haya, tazameni majumbani mwenu. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba nchini, katika kila watoto 100 walio chini ya miaka 5, 30 wamedumaa. Kimo kinachopotea katika miaka miwili ya mwanzo ni shida sana kukirudisha, na akili nayo huumia humohumo. Nasi tunaishi wapi? Tunaishi kwenye korosho, karanga, mbaazi na kunde. Korosho tunapeleka ghalani, karanga tunauza barabarani, mtoto aliyeanza kulishwa anakunywa uji wa muhogo mtupu asubuhi na jioni. Mama, kabla gunia halijafungwa, toa karanga za mtoto. Zitwange, zitie kwenye uji. Baba akiuliza, mwambie mzee ndiye aliyesema.

Halafu kuna jambo ambalo halipimwi kwenye mizani ya kliniki. Msimu ukifika mama anadamkia shamba, mtoto wa mwaka mmoja anaachwa na dada yake wa miaka saba. Yule dada naye ni mtoto. Anambeba mwenzake mgongoni, lakini hana maneno ya kumpa. Mtoto mchanga akikutazama anangoja umtazame, akibwabwaja anangoja umjibu, na ndivyo anavyopata lugha na moyo wa kuamini watu. Asipojibiwa ananyamaza, nanyi mnamsifu kwamba ni mtulivu. Mimi nilifundisha darasa la kwanza. Watulivu wa namna hiyo nilikuwa nawatambua wiki ya kwanza, na mara nyingi darasa la nne walikuwa bado hawajanyoosha mkono.

Ninyi mnaokwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, siwalaumu, ardhi imekuwa ndogo. Lakini mtoto mnamwacha kwa bibi, mnatuma pesa kwa simu, na mnajihesabu mmelea. Bibi wa kwetu ni hazina kwa mtoto. Kwetu mjukuu na babu au bibi ni watani, kwa hiyo mtoto alimwambia bibi yale asiyothubutu kumwambia baba. Ila bibi wa miaka 70, mwenye magoti mabovu, hawezi kumkimbiza mtoto wa miaka mitatu, na bado ashuke bondeni kutafuta maji. Mnaijua nchi yetu. Uwanda wa Makonde maji yake yako mbali chini tangu enzi za wazee wetu, na bomba likikata, ndoo ni ya kubebwa. Ukimwachia bibi mtoto, mwachie na mtu wa kumchotea maji. Ukishindwa hilo, umemwongezea mzigo tu, hakuna mlezi uliyemwachia mwanao.

Sasa unyago, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo panaponiuma.

Kwa Wamakonde wavulana waliingia likumbi, yaani jando, na wasichana wakachezwa chiputu. Wayao na Wamakua wana desturi zao, na sisi wa Chiwata tumechanganyikana kiasi kwamba nyumba moja ina desturi tatu. Lakini mfumo ulikuwa mmoja. Mjomba, ndugu wa mama, ndiye aliyeruhusu mtoto aingie, kwa kuwa ukoo ni wa mama. Ngariba alikuwa na kazi yake, kungwi kazi yake, na mwali alikuwa na somo, mtu wake maalumu wa kumfunda. Akitoka alipewa jina jipya, lile la utoto likawekwa kando, na ukimwita kwalo umemtukana. Watu wengi wanakumbuka ngoma, unga uliopakwa usoni na midimu, wale wa vinyago, waliowatisha. Wanasahau lililofuata. Yule somo hakuondoka ngoma ilipokwisha. Msichana akipata mume, somo anajua. Mimba ikiingia, somo anaitwa. Wakigombana, binti hakimbilii kwa mama yake, anakwenda kwa somo wake, hata miaka 20 baadaye. Mnapenda kusema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huku kwetu mama hakuachiwa kazi hiyo peke yake, kwa sababu kuna maneno mama na mwana hawawezi kuambiana wakabaki na heshima yao.

Leo mnafanyaje? Fedha za korosho zikiingia, mtoto wa miaka sita anaunganishwa na dada yake wa kumi na mbili ili gharama iwe moja. Spika zinakodiwa, kanga za sare zinashonwa, zawadi zinaandikwa daftarini ili zirudishwe. Asiye na fedha anauza korosho zikiwa bado maua, kwa walanguzi wa kangomba, kwa bei ya kusikitisha, ili alipie muziki wa siku mbili. Yule mdogo anaimbiwa maneno ya watu wazima na kuambiwa amekuwa mkubwa. Ngoma inanyamaza Jumatatu, anarudi darasa la kwanza akiwa anaamini alichoambiwa. Kungwi ameshalipwa, amehamia kijiji kingine. Nani amebaki na mwali?

Mtoto anabaki na maarifa yasiyo ya umri wake, na hana mtu wa kumuuliza. Akifika miaka 13 au 14, mwalimu akimkanya anajibu kwamba yeye si mtoto, ameshachezwa. Na kijana wa bodaboda anayemsubiri barabarani anasema hivyohivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi. Mahakama Kuu mwaka 2016 ikasema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha. Kwa hiyo baba anayeniambia binti yake wa miaka 15 yuko tayari kwa kuwa ametoka unyagoni, ajue kwamba majaji wa nchi wamelitazama hilo wakalikataa, na mimi mzee wa mila nalikataa. Na aliyekwisha kupata mimba, tangu Novemba 2021 Serikali imemruhusu kurudi shuleni. Msimzuie ninyi nyumbani kwa aibu zenu.

Najua wapo wanaotaka unyago ufutwe wote, na wapo wanaosema usiguswe hata kidogo. Historia ya Masasi yetu inawajibu wote wawili. Askofu Steere alileta watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar akawaweka Masasi mwaka 1876, na kwa miaka mingi misheni yake haikujua ifanye nini na jando. Kukataza hakukufaa, kwa kuwa waumini waliingia kumbi usiku na kanisani asubuhi. Ndipo Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, pamoja na mapadri Waafrika waliokuwa wenyewe wametoka jandoni, wakalichukua jando wakalipa sura ya Kikristo. Yaliyowakwaza waliyatoa. Wazee, kumbi, mafunzo na kutoka kwa wali kwa heshima walivibakiza. Lilikuwa jambo la ujasiri, na mila haikufa kwa kuguswa.

Lakini tazameni walipokwama. Walikwama upande wa wasichana. Wamisionari wanaume hawakuweza kuingia, hawakujua kinachofundishwa ndani, na makungwi hawakuona sababu ya kuwaambia. Leo nasikia maagizo yaleyale, wanaume kwenye vikao wakitangaza unyago wa wasichana uwe hivi na usiwe vile, na kungwi hata mmoja hajaitwa. Kosa hilo lina umri wa miaka mia moja. Waiteni makungwi. Wakae na walimu wa kike na muuguzi, wapange kipi asikie wa miaka 9, kipi kimngoje afike 18, na nani atabaki naye baada ya hapo. Ngoma zipigwe likizoni, si wakati wa mitihani. Wanawake wale ni werevu. Wakiheshimiwa watalimaliza kabla ya mvua.

Mwaka 1906 alipita huku Masasi na Newala mtafiti wa Kijerumani, Karl Weule, na mashine ya kunasa sauti. Akarekodi nyimbo, akapiga picha za wali, akaenda navyo Ujerumani. Sauti zetu ziko kule hadi leo. Sauti ya ngoma unaweza kuibeba popote, siku hizi hata simu inatosha. Kungwi anayekaa na mtoto habebeki, na ndiye tunayempoteza.

Ninyi mlio katikati, wenye miaka 35, 40, 50, yenu ni machache, kwa kuwa mna haraka. Mwanasaikolojia Erik Erikson, katika kitabu chake cha mwaka 1950, aliyagawa maisha ya mtu katika hatua nane. Kwa umri wenu alisema kazi ni moja, kuwalea wanaofuata, na anayeikwepa hudumaa. Nilisoma hilo chuoni nikiwa kijana, nikawakumbuka wajomba zangu. Mtoto hudumaa mwili kwa kukosa chakula, na mtu mzima hudumaa utu kwa kukosa wa kumlea. Mjomba, vijana wa dada yako waliotoka jandoni mwaka jana wanashinda kijiweni wanakunywa uraka wa mabibo. Umewaonyesha shamba lipi? Umewafundisha kupulizia salfa, au umewaacha wajifunze kwa kuunguza mikorosho?

Nimebaki na sisi wazee, na kufa.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mwenye miaka 60 kuwa mzee, na hospitalini kuna dirisha letu. Nashukuru. Lakini kutoka hapa hadi hospitali ya Mkomaindo au ya Ndanda dirisha halinifuati. Mtu ndiye anipandishe bodaboda, anishike nisianguke, amwambie daktari yale ninayoona haya kuyasema.

Mzee akifa, basi linakodiwa kutoka Dar es Salaam. Sare zinashonwa, mchele unapikwa, watani wanafanya kazi zao na utani wao, arobaini inapangwa kwa kamati. Mzee huyohuyo aliugua miezi minne, na aliyemgeuza kitandani ni mjukuu mmoja wa darasa la sita aliyekuwa anakosa masomo. Wanangu, hizo nauli mngezitumia mapema. Njooni tukiwa tunaweza kuwasikia.

Na mkija, msijazane kusali kwa sauti na kutulazimisha uji. Mtu anayekufa hana njaa mnayoifikiria. Mlowesheni midomo kwa kitambaa. Mgeuzeni ubavu mara kwa mara, asipate vidonda. Maumivu yana dawa, ulizeni hospitali, msimwache mtu agugumie ati ndiyo mapenzi ya Mungu. Mwambieni nani amefika. Watoto waingie. Zamani asiyechezwa hakusogezwa kwenye msiba, akaambiwa babu amesafiri, na mtoto akakaa mlangoni akingoja. Mwambieni ukweli kwa maneno madogo, naye mshikeni mkono.

La mwisho ni lile mnaloona aibu kuuliza. Kwetu mti na ardhi si lazima viwe vya mtu mmoja. Aliyepanda mkorosho ndiye mwenye mkorosho, na mikorosho yetu mingi imewekwa rehani na kukombolewa na kuwekwa tena. Mzee akifa kimya, wapwa wanadai kwa haki ya ukoo wa mama, watoto wanadai kwa jasho la baba yao, aliyeshika rehani anakuja na karatasi, na ndugu wanapelekana baraza la kata kabla kaburi halijakauka. Nimezika marafiki walioacha ugomvi huo, na walikuwa na muda wa kusema. Hakuna aliyewauliza, kila mmoja aliogopa ataonekana anamwombea mzee kifo. Ulizeni. Ukimuuliza mzee mambo yake, unamwambia kwamba alichokifanya kina wa kukipokea, na huo ni utulivu mkubwa kwa mtu anayeondoka.

Mimi sitangoja kuulizwa. Mpwa wangu wa Newala na mwanangu wa pili, ninyi wawili kwa pamoja, si mmoja, kesho alfajiri kabla ya jua kali tunakwenda shamba la juu. Nitawaonyesha mipaka, na mikorosho mitatu iliyo rehani, na nitawatajia niliyemwekea na kiasi ninachodaiwa. Mjukuu wangu wa darasa la sita naye aje, aandike. Chukueni panga, njia ya kule imeota majani.