Deni la Usiku

Kwa dereva wa lori atokaye Dar es Salaam kwenda Mwanza kupitia Singida Mjini, usiku ni mrefu. Wapo wanaoufupisha kwa kutafuna mirungi, ijapokuwa sheria ya nchi yetu inaikataza. Mmoja aliniambia alfajiri, "Mzee, nimefumba na kufumbua, Ziwa Singidani hili hapa!"

Nikajiuliza: ni usiku uliofupishwa, au ni dereva aliyedanganywa? Jani bichi la mirungi lina kathinoni, ambayo huufanya ubongo umwage dopamini kwa wingi. Dopamini ni mojawapo ya vitu vinavyoiendesha saa tuliyo nayo kichwani. Ikizidi, saa hiyo hupotoka. Bangi nayo huichezea saa hiyohiyo: dakika chache huonekana nyingi. Lakini saa ya ukutani haitafuni wala haivuti. Uchovu wa safari yote umo mwilini. Umefichwa tu machoni pa mwenyewe.

Je, mtu hana haki ya kuichezea saa yake? Angekuwa amejikalia kwake, ningesita kujibu. Barabarani, wakati wake si wake peke yake. Utingo aliyelala ubavuni pake, na mwenye baiskeli anayevuka njia alfajiri, wameziweka roho zao katika saa ile iliyopotoka, na hawakuulizwa. Hiyo ni dhuluma.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Usingizi ni deni, na halilipwi kwa jani. Hulipwa kwa kulala.