Aliyetoa Chakula Chini ya Bunduki

 

Nilipokuwa mwaka wa kwanza, mama mmoja jirani yetu hapa Mutakura aliniita kwake baada ya Isha. Kaka yake alikuwa kambini Nyarugusu, Tanzania, akisubiri kuhojiwa ili yeye na watoto wapelekwe Marekani. Kilichomtia hofu ni usiku mmoja wa wakati wa vita, huko Bubanza: wenye silaha waliingia kwake, wakachukua gunia la maharage na baiskeli, wakamlazimisha kuwabebea mzigo hadi mlimani. "Mwanangu, wewe unasoma dini," mama akaniambia. "Akiulizwa, aseme au anyamaze?"

Nikajibu upesi: anyamaze. Nilidhani namhurumia. Nakiri kwamba nilitoa fatwa bila elimu, na ndiyo sababu ya maneno haya.

Hofu ya mama ilikuwa na msingi. Sheria ya Marekani, iliyokazwa mwaka 2001 na tena 2005, inamnyima hifadhi na makazi mtu yeyote aliyelisaidia kundi la kigaidi. Nchi ina haki ya kujilinda. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 200, wengi wao Waafrika. Tarehe 11 Julai 2010 watu wa Kampala waliuawa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, na Al-Shabaab wakasema ni kwa sababu ya askari wa Uganda na wa kwetu Burundi waliokuwa Somalia. Anayefanya hayo afungiwe mlango, na Uislamu haumtetei.

Lakini sheria hiyo imetanua neno. Watu wawili wenye silaha wanaweza kuhesabiwa kundi la kigaidi, na sahani ya chakula ikahesabiwa msaada. Yuko Mrundi aliyeomba hifadhi huko akakaa kizuizini zaidi ya miezi 20, kwa kuwa waasi walikuwa wamempora dola nne na chakula chake cha mchana. Kuporwa kukaitwa kusaidia! Mwaka 2016 baraza la rufaa za uhamiaji liliamua, katika kesi ya mwanamke wa Colombia, kwamba sheria yenyewe haimtoi hata aliyetishwa. Kinachobaki ni msamaha ambao serikali inaweza kuutoa ikitaka, nao huangalia tishio lilikuwa kubwa kiasi gani na kama mtu aliweza kulikwepa.

Sasa tazameni dini yetu. Ammar bin Yasir (R.A.) aliteswa na Makureshi mpaka ulimi wake ukatamka wanachokitaka. Alimjia Mtume (S.A.W.) analia.  Mtume alimuuliza ameukutaje moyo wake. Aya ya 106 ya Suratun-Nahl inamtoa lawamani aliyelazimishwa huku moyo wake umetulia katika imani. Wanazuoni wakajenga juu yake mlango mzima wa ikrahi: nani alitisha, ana uwezo wa kutimiza tishio, kulikuwa na njia ya kukimbia? Na wakaweka mpaka. Ukilazimishwa kumuua mtu asiye na hatia, huruhusiwi, kwa sababu roho yako si bora kuliko yake. Maharage si roho ya mtu.

Niliposoma hayo nikaona kosa langu. Aya ya 135 ya Suratun-Nisaa inatuamrisha ushahidi wa haki hata dhidi ya nafsi zetu. Na kunyamaza kungemfanya mtu aliyeporwa aonekane ana la kuficha. Nilirudi kwa mama, nikamwambia: aseme yote, gunia, baiskeli na mlima, lakini asiishie kwenye "niliwapa". Aseme walikuwa wangapi, walishika nini, na yaliwapata nini majirani waliokataa. Nanyi mnaowajazia watu fomu, msifupishe sehemu hiyo.

Na sisi wenyewe? Mwaka 2015 hapa mtaani ilitosha kijana aonekane amesimama na watu fulani, jina likambandika. Waliomtaja ni jirani zake, na baadhi yao tunaswali nao safu moja.

Yule kaka alisema yote. Faili lake likawekwa kando kwa uchunguzi, na mpaka leo yuko Nyarugusu. Mama hajanilaumu hata siku moja. Nikipita asubuhi kwenda kupanda basi hunisalimia, kisha huniuliza kama nimesikia lolote.