TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 20: Masharti ya mshindi



Jana baada ya tarawehe ndugu mmoja kanishika mkono nje ya msikiti. Kashinda kesi ya nyumba ya urithi dhidi ya kaka yake. Anauliza: sheikh, kuna ubaya nikimtoa kabla ya Iddi? Nikamwambia asubiri tafakuri ya leo.

Tarehe 20 Ramadhani, mwaka wa 8 Hijria, ndiyo wanahistoria wengi wanayoitaja kuwa siku Mtume (s.a.w.) alipoingia Makka na watu 10,000. Makureshi walikuwa wamevunja mkataba wa Hudaibiya, wameshindwa, hawana la kujadili. Sa'd bin Ubada, mshika bendera, akatamka kuwa leo ni siku ya kuchinjana. Mtume aliposikia, bendera ikaondolewa kwake akapewa mwanawe. Masharti yakawa: aliyejifungia mlango wake ana amani, aliyeingia msikitini ana amani, hata aliyeingia nyumbani kwa Abu Sufyan, yule aliyewaongoza Makureshi Uhud! Wachache walitajwa kwa majina waadhibiwe kwa makosa yao wenyewe, na baadhi yao pia wakasamehewa.

Sasa hapa kwenye nyumba tukae kidogo. Muhajirina waliacha majumba yao Makka, yakachukuliwa. Mtume alipoulizwa atafikia wapi, akauliza: kwani Aqil katuachia nyumba? Zilikwisha kuuzwa. Hakumtoa mtu. Akapigiwa hema Hajun, kwenye mji aliozaliwa.

Linganisha na Versailles, 1919, mkataba uliowapokonya Wajerumani hata Tanganyika. Madai ya fidia yalikuwa na msingi, maana Ubelgiji na kaskazini ya Ufaransa ziliharibiwa kweli. Lakini Wajerumani waliletewa masharti yameshaandikwa: tia saini au vita iendelee. Mwaka 1921 fidia ikapangwa maki za dhahabu bilioni 132. Malipo ya mwisho ya madeni yaliyotokana nayo yakafanyika 2010, na waliolipa hawakuwa wamezaliwa wakati wa vita ile. Sisemi vita ya 1939 ilitokana na hilo tu, ila chuki ile ilipata watu wa kuitumia.

Turudi Makka. Safwan bin Umayya, adui mkubwa, alikimbilia baharini. Akafuatwa, akapewa amani, akarudi bado mshirikina. Akaomba miezi 2 afikirie, akapewa 4. Vita ya Hunain ilipokaribia, Mtume alihitaji deraya zake. Safwan akauliza: unaninyang'anya? Akajibiwa hapana, ni azima, na zitarudishwa. Mshindi anaazima kwa aliyemshinda! Baada ya Hunain Safwan akasilimu, hakuna aliyemlazimisha.

Ndugu yangu wa jana, najua unasoma hapa. Hukumu yako ni halali na nyumba ni yako, hakuna wa kukupinga. Ila hukuniambia kitu kimoja: kaka yako kaomba muda gani?