Ufunguo wa Gari ni Amana



Kuna neno tulisikialo kwa baadhi ya vijana wetu wa Mji wa Kale, nalo ni hili: "Mimi nimekwisha baleghe, sala na saumu zanilazimu, mbona Serikali yanikataza kuendesha gari mpaka nitimize miaka 18?" Swali hili lastahili jawabu, si kemeo.

Jawabu limo katika Suratun-Nisaa. Mwenyezi Mungu ameamrisha mayatima wajaribiwe, na wafikapo umri wa kuoa wasikabidhiwe mali yao mpaka ionekane busara kwao. Basi kubaleghe ni jambo moja, na kukomaa akili ni jambo jingine. Ikiwa kijana hapewi fedha zake mwenyewe kwa kubaleghe tu, atapewaje roho za watu wengine? Umri na mtihani wa leseni ni majaribio ya namna hiyo hiyo.

Kisha kuna balaa la ulevi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 yakataza kumwuzia kileo aliye chini ya miaka 18, na mwaka 2025 Serikali ilitoa sera ipendekezayo umri huo upandishwe hadi 21. Huko Marekani, sheria ya mwaka 1984 iliyasukuma majimbo yafikishe miaka 21, kwani vijana walikuwa wakivuka mpaka kwenda jimbo lenye umri mdogo, wakanywa, kisha wakarudi wakiendesha hali wamelewa. Na katika majimbo mengi, kijana akipatikana na kileo huweza kunyang'anywa leseni hata kama hakuwa garini.

Watu wa huko waliyajua haya kwa kuhesabu maiti. Sisi tuliambiwa kabla gari halijaundwa. Ulevi ulipokuwa haujaharimishwa kabisa katika Suratul-Maida, mlevi alikwisha katazwa kuikaribia sala mpaka ayajue ayasemayo. Asiyeaminiwa ulimi wake, ataaminiwa usukani?

Lakini lawama si ya vijana peke yao. Baba ampaye mwanawe wa miaka 15 ufunguo siku ya Idi ili majirani waone, hakumpenda mwanawe. Na wazazi wajuao kwamba kijana wao hurudi usiku akinuka kileo, nao hunyamaza kwa kuogopa aibu, waikimbia aibu ndogo na kuungojea msiba mkubwa. Njia zetu ni nyembamba. Watoto hucheza vizingitini na wazee huketi barazani. Gari likipotoka, hapana pa kukimbilia. Na mwenye kuua kwa kukosea hulazimika diya na kafara. Je, aliyekunywa kwa hiari yake atatoa udhuru gani?

Basi yatupasa mambo mawili. Asiye na leseni asipewe ufunguo, hata akilia. Na anywaye asipewe, hata akiwa na leseni. Kwani leseni humruhusu kijana kupita njiani, haimlazimishi mzazi kumpa gari.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie vijana wetu, na atupe nguvu ya kusema "hapana" mapema. Amin.